Mifuko ya Shati Upande wa Kulia

Mama Picha hakuitwa hivyo kwa kupenda kupigwa picha. Picha zake mwenyewe zilikuwa tatu tu, na zote alikuwa amefumba macho. Jina alilipata kwa kukaa miaka ishirini na tisa kwenye chumba cha giza cha studio, akisafisha picha za watu wengine: maharusi, wahitimu, watoto waliolazimishwa kutabasamu. Studio ilipofungwa, mwenye studio alimwambia achukue masanduku ya negativu za filamu na madaftari kabla gari la taka halijapita. Akayachukua yote. Yalijaza chumba cha wageni, na tangu hapo mgeni wa nyumba ile analala sebuleni.

Binti yake, mwalimu wa kompyuta, ndiye aliyemnunulia skana na kumfungulia blogu. Kila Ijumaa Mama Picha aliweka picha moja ya zamani na kisa chake. Usidhani ni kazi ya kukaa na kubonyeza. Kujua kinyozi fulani alikuwa na kibanda upande gani wa soko kulimgharimu wiki sita, ziara nne kwa wazee wasiosikia vizuri, na ugomvi mmoja na mjane wa kinyozi mwenyewe. Lakini akishaandika, ameandika. Hakutia chumvi. Asilolijua alisema halijui, na hapo ndipo alipokuwa tofauti na wanahistoria wengi wa mitandaoni, ambao wasilolijua ndilo wanalolieleza kwa kirefu.

Kisa kilichosomwa kuliko vyote kilikuwa cha mgomo wa kiwanda cha matofali. Wafanyakazi watano walichaguliwa na wenzao kupeleka malalamiko kwa meneja, na siku moja kabla ya kwenda walipita studio kupigwa picha, wamesimama mstari mmoja, mashati yamepigwa pasi. Kesho yake wanne walikamatwa getini kabla hawajafungua mdomo. Wa tano, mpimaji wa matofali, hakuguswa, na haukupita mwezi akapewa ofisi. Aliyewauza alijulikana. Mwenye studio wa enzi hizo alikuwa mvivu wa majina, aliandika kazi za watu tu. Daftari lake lilisema: kutoka kushoto, mchoma tanuri, mbeba udongo, karani, dereva, mpimaji. Mchoma tanuri ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na alifia gerezani. Mama Picha alipoandika habari zake alilia, akafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia lenzi.

Sasa aingie Profesa. Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mtangazaji wa redio mwenye sauti nzito, na jina hilo alipewa na wasikilizaji naye hakulikataa. Kila Jumapili alikuwa na kipindi cha historia, na kila Jumapili alisoma kilichotoka Ijumaa kwenye blogu ya Mama Picha, neno kwa neno, hadi mahali pa kupumua. Hakumtaja hata mara moja. Mama Picha alimwandikia barua ya heshima. Profesa akaijibu hewani, anacheka: kuna mama mmoja wa duka la picha anadhani amenunua historia, wapendwa wasikilizaji, historia ni ya wote.

Mama Picha alizima redio. Historia ni ya wote, sawa, lakini kuzunguka na jua kutafuta wazee hakukuwa kwa wote, kulikuwa kwake. Hakutaka fidia wala zawadi. Alitaka jambo moja tu: yule mtu afungue kinywa chake kinene mbele ya watu na kusema ametoa wapi.

Mwaka juzi Profesa akavuka mpaka. Alitangaza kwamba ameitazama picha ya wale watano na kumtambua babu yake mzaa mama. Wa kwanza kushoto, alisema, uso ni uleule ulio kwenye picha ndogo ya kitambulisho aliyonayo mama yake. Kwa hiyo yeye ni mjukuu wa mchoma tanuri, shujaa wa mgomo. Kuanzia siku ile alitembea kifua mbele kama aliyeongoza mgomo mwenyewe.

Mama Picha alifungua picha ile kwenye kompyuta na kuikodolea macho. Alikuwa anatafuta kosa, tuseme ukweli. Alitaka pua isifanane, sikio lizidi, lolote la kumchana nalo yule mwizi. Na kosa akalipata, ila halikuwa la Profesa. Wanaume wote watano walikuwa na mfuko wa shati upande wa kulia. Mfuko wa shati la kiume hukaa kushoto. Mshonaji mmoja anaweza kukosea, lakini washonaji watano?

Akaiendea negativu sandukuni, akaipapasa, na mikono ikamwambia yenyewe. Kwenye chumba cha giza, upande wa filamu usiong'aa huangalia chini, kwenye karatasi. Ndivyo alivyofanya miaka ishirini na tisa. Siku aliyoletewa skana, mikono ililaza negativu vilevile, bila kujua kwamba jicho la mashine hii liko chini ya kioo. Picha zote za siku ile zilitoka kinyume. Zenye vibao vya maandishi aliziona akazirudia. Ya wale watano haikuwa na hata herufi moja, ikampita. Mtu wa darasa la kompyuta asingekosea hivyo. Ilihitaji fundi.

Aligeuza picha. Wa kwanza kushoto akahamia mwisho kulia. Uso ambao Profesa aliuita wa babu yake haukuwa wa mchoma tanuri. Ulikuwa wa mpimaji.

Binti yake alimwambia aweke sahihisho siku hiyohiyo. Mama Picha akasema ataweka. Kesho yake akasema ataweka. Baada ya wiki binti akauliza tena, na mama yake akamjibu kwamba mtu akipanda juu ya paa la jirani bila hodi, si kazi ya jirani kumshikia ngazi. Binti alimtazama kwa jicho ambalo walimu huwatazamia wanafunzi walioandika majibu mkononi. Mama Picha alikuwa amekwisha kusikia kwamba Profesa anaandika kitabu. Akaamua kusubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja picha itokee kwenye maji gizani.

Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili, na jalada lilikuwa uso wa mpimaji, mkubwa, umekatwa kutoka kwenye ile picha. Kilizinduliwa asubuhi ya Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba. Mama Picha alivaa gauni lake la kazini, akatia negativu kwenye bahasha na daftari kwenye mkoba, akakaa safu ya tatu. Mbele kabisa alikaa mama yake Profesa, bibi mdogo wa umbo, amekumbatia nakala ya kitabu kifuani kwa mikono miwili.

Ulipofika wakati wa maswali, Mama Picha alinyoosha mkono. Aliuliza kwa adabu zote picha ya jalada imetoka wapi.

"Kwenye makabrasha ya familia yetu," alisema Profesa.

Mama Picha alilipokea jibu lile kama mtu anayepokewa mzigo. Akauliza tena kama ni desturi ya familia yao kuvaa mifuko ya shati upande wa kulia. Ukumbi mzima, wanaume wote, wakajitazama vifua. Mmoja akajipapasa kabisa. Hapo akasimama, akainua negativu kwenye mwanga wa dirisha, akaeleza, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wateja kwa nini picha zao zimeungua. Akasoma daftari. Akamwita mwandishi wa gazeti aliyekuwa ukumbini aje ashike, ageuze, aone kwa macho yake. Kisha akasema mtu aliye juu ya jalada ni mpimaji wa matofali, aliyewauza wenzake wanne.

Profesa alitokwa jasho hadi kola ikabadilika rangi. Mwandishi wa gazeti akamuuliza kama makabrasha ya familia yana nakala nyingine. Hayakuwa nayo. Akamuuliza basi, hii ameitoa wapi. Profesa alimtazama mama yake, akawatazama wasikilizaji wake, akaona mlango mmoja tu wa kutokea.

"Nimetoa kwenye blogu yake," alisema. "Picha, maelezo, kisa chote cha mgomo. Kila kitu ni cha huyu mama. Basi na kosa ni lake, mimi nalaumiwa nini?"

Yalikuwa hayo. Miaka mitatu Mama Picha aliyangoja maneno yale, na yalipotoka aliyasikia yakishuka tumboni kama uji moto. Alikuwa na furaha, na asije mtu akamsingizia kwamba hakuwa nayo. Alimwona yule mwanamume amekunjamana kwenye kiti na akatamani akunjamane zaidi. Mwandishi alimuuliza jina lake kamili, akalitaja herufi kwa herufi ili lisikosewe.

Alipokuwa anafunga mkoba, bibi wa safu ya mbele alikuja akasimama mbele yake. Hakuwa analia. Alikuwa bado ameshika kitabu, ila sasa alikishika kwa mkono mmoja, jalada limegeukia gauni.

"Mwanangu," alisema, "ulijua lini?"

Mama Picha angeweza kusema jana. Alikuwa na uchovu wa ushindi, hakuwa na nguvu ya kutunga.

"Mwaka juzi, mama."

"Mwaka juzi." Bibi alitikisa kichwa polepole. "Mimi baba yangu alikufa nikiwa wa kubebwa mgongoni. Simkumbuki. Nyumbani walikuwa hawamtaji, nami sikujua kwa nini. Mwaka jana kijana akaniletea picha kubwa, akaniambia baba alikuwa mtu wa maana. Nimeitundika kitandani. Kila nikiamka namwamkia. Kijana amekuibia, na mimi nitapambana naye nyumbani. Ila mimi, mwanangu, nilikukosea nini?"

Mama Picha alikuwa ameandaa majibu ya kila mtu ukumbini pale, hata ya mlinzi wa mlangoni. La bibi huyu hakuwa nalo. Bibi alingoja kwa heshima, kama mtu anayengoja chenji, na alipoona haiji akaenda zake.

Nyumbani, Mama Picha hakuvua hata viatu. Alimwita binti yake akae kwenye kompyuta. Binti aligeuza picha, na kwenye nafasi ya sahihisho akauliza aandike tarehe ipi.

"Ya mwaka juzi. Siku niliyoigundua."

Binti aliinua mikono kutoka kwenye vitufe. Alisema kesho jina lake litakuwa gazetini, watu watakuja kusoma, na wakiiona tarehe ile watauliza alikuwa wapi miaka miwili. Blogu hii haitaaminiwa tena. Profesa naye atacheka.

Mama Picha alisema acheke tu, yeye hajamsamehe wala hana mpango huo. Kisha akamtajia binti yake maneno, naye akayaandika kama yalivyo: "Picha hii iliwekwa kinyume. Mwandishi aligundua kosa mwaka juzi na hakulisahihisha, kwa sababu alikuwa analipiza kisasi."