Sweta ya Wani

Kaa hapa, Kiden, hayo maharage yatangoja. Asubuhi nimekusikia ukimnong'oneza mama yako kwamba mdogo wako Poni apelekwe Awindiri, kule Arua, siku mbili tatu, mpaka wageni wako waondoke. Nimeshindwa hata kumaliza chai yangu. Nimekumbuka siku nyingine, mwanangu, miaka mingi kabla hujazaliwa, tulipomwondoa mtoto mwingine nyumbani kwa sababu hiyohiyo, na aliyetoa wazo nilikuwa mimi. Wewe ni mjukuu wangu wa kwanza, na nataka uisikie habari hii kabla gari la Arua halijapita.

Wakati huo tulikuwa tumerudi Lobule kutoka Zaire. Vita vya sabini na tisa vilitutoa hapa nikiwa msichana mdogo, na tuliporudi nyumba yetu ilikuwa kichaka. Tulianza upya na majembe mawili na baiskeli moja. Kule ukimbizini mama alizika watoto wawili. Wote walikwenda kwa namna moja: macho ya njano, vidole kuvimba, kulia mifupa, halafu kimya. Watu walisema ni sumu. Wengine walisema baba, kwa kuwa aliwahi kuwa askari, analipia aliyoyafanya huko alikopita. Basi Wani, kitinda mimba wetu, alipoanza naye kuwa na macho ya njano, tulijifunza kutomtaja mbele za watu.

Alikuwa na miaka kumi na mwili wa mtoto wa miaka sita. Lakini mdomo, we! Mdomo wa mzee wa baraza. Baridi kidogo tu ikimpiga, mifupa ilimwaka moto, ndiyo maana hakuivua sweta yake ya kijani hata jua la Februari likituchoma sisi wote.

Halafu akaja Anguyo. Alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli sokoni Arua, kijana wa Awindiri, mcheshi, vidole vyeusi kwa grisi. Nilimpenda, sitakuficha. Nilimpenda mpaka nikawa natia chumvi mara mbili kwenye mboga, na Wani akinicheka. Sasa, desturi unaijua. Kabla ya mazungumzo ya mahari, shangazi wa kijana huja kukaa kwa wazazi wa msichana siku moja mbili. Anasema amekuja kusalimia, na kila mtu anajua amekuja kuangalia: kama kuna ukoma, kama kuna kifafa, kama watoto wanakufakufa. Akirudi kwao na neno baya, hakuna mbuzi atakayefunguliwa kamba.

Nilishikwa na hofu, usingizi ukaniruka. Nikamwambia mama, "Wani akae kwa mama mdogo kule Oraba, mpakani, mpaka mgeni aondoke." Mama alinyamaza. Baba akatazama chini. Hakuna aliyekubali wala aliyekataa, na mimi nikakifanya kimya chao kuwa ruhusa.

Kaka yetu Duku akampakia kwenye keria ya baiskeli. Wani akanigeukia akauliza, "Dada, huyo mama akiuliza habari zangu, mimi ni nani?"

"Hatauliza," nikamjibu.

"Na nikifia huko Oraba, utamwambia?"

Nikamkemea aache uchuro. Baiskeli ile ilikuwa na kitu kilicholegea, kikigonga gurudumu ta-ta-ta, na nilisimama nikiisikiliza mpaka ikapotea. Niligeuka, nikaiona sweta ya kijani imeanikwa kwenye ua, inachuruzika maji. Nilikuwa nimeifua mwenyewe alfajiri, katika ile pilikapilika ya kusafisha nyumba kwa ajili ya mgeni. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Oraba. Ningeweza kukimbia nikawaita. Sikukimbia, kwa sababu mgeni alikuwa karibu kufika.

Shangazi yake Anguyo alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye macho yasiyotulia. Yeye Mlugbara, sisi Wakakwa, kwa hiyo tuliongea Kiswahili chetu cha huku, kile mnachokicheka ninyi mliosoma. Alikula, akasifu mboga, akalala. Asubuhi yake, tukiwa uani, akaniuliza, "Watoto ya nyumba hii iko hawa tu?"

"Iko hawa tu, mama," nikajibu haraka, kabla mama yangu hajafungua kinywa.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatembea polepole mpaka kwenye ua, akaichukua ile sweta, ambayo ilikuwa imekauka, akaishika kwa mabega na kuitazama. Nyumbani hapakuwa na mtu ambaye sweta ile ingemwenea. Aliikunja vizuri, akaketi nayo mapajani. Mimi nilijifanya napepeta wimbi.

Kabla ya adhuhuri Duku akaingia na baiskeli, ametapakaa tope mpaka nywele. Akaanza kusema kwa Kikakwa hata hajapumua: mvua iliwakuta njiani, Wani alilia mifupa tangu walipofika, sasa hasemi tena, midomo yake imekuwa myeupe. Mama mdogo amempandisha lori la mizigo lililotoka mpakani, amekwenda naye hospitali Arua.

"Anasema nini?" akauliza mgeni. "Iko nini?"

"Mbuzi moja imepotea," mama akamjibu. "Si kitu."

Mwanangu, nyumba nzima ilinitazama mimi. Maskini mama, alikuwa anailinda ndoa yangu kwa uongo wangu mwenyewe. Ningesema tu "ndiyo, mbuzi," shangazi angeondoka jioni na neno zuri. Nilimwona Anguyo moyoni, nikaona na nyumba yangu Awindiri. Na masikioni nilikuwa nasikia ile ta-ta-ta. Nikapiga magoti.

"Mama, nilikudanganya. Iko mtoto mwingine. Jina yake Wani, ni ndugu yangu, na sasa anakufa."

Yule mama akasimama. "Najua iko mwingine," akasema. "Hii sweta si ya mbuzi. Tunaenda."

Hospitali Arua tulimkuta Wani kitandani, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Damu ilikuwa imemwishia, na hospitali haikuwa na damu ya akiba. Hiyo ilikuwa miaka ya silimu, ndiyo ukimwi, watu walikuwa wanazikwa kila wiki, na kila mtu aliiogopa sindano. Mjomba wetu mmoja alifika mpaka mlangoni, akaiona chupa, ghafla akakumbuka ana shughuli. Mimi nikatoa mkono. Bwana wa maabara, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaenda na tone langu, akarudi akitikisa kichwa.

"Yako hapana," akasema.

Nilijua ni silimu. Kumbe sivyo. Akanikalisha, akanieleza kwamba ndugu yangu ana ugonjwa wa sikoseli, chembe za damu hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Alisema hakuna sumu hapo, wala baba hajalaaniwa. Mtoto huupata ugonjwa akirithi sehemu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mimi nina sehemu moja tu, siumwi, lakini damu yangu haimfai Wani. Nililia, mwanangu. Miaka yote ile baba alitembea ameinamisha kichwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Hapo akaingia Anguyo mbio kutoka sokoni, grisi mikononi. Shangazi yake alikuwa amemtumia habari yote, na uongo wangu ndani yake. Alikunja tu mkono wa shati na kuunyoosha. Bwana wa maabara akampima, akakaa sana kwenye hadubini, akatoka akatutazama sote wawili.

"Ninyi ni ndugu?"

"Tunataka kuoana," Anguyo akasema.

Yule bwana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Anguyo naye alikuwa na sehemu moja. Akatuambia kwamba tukioana, kila mimba, kila mara, kuna nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto kama huyu aliyelala hapa. Unaona? Kwao walikuja kutuchunguza sisi, na hawakujua kilichomo ndani mwao.

Aliyempa Wani damu ni yule shangazi. Alipimwa silimu, akapimwa sikoseli, damu yake ikakubaliana. "Mimi naogopa sindano kuliko nyoka," akamwambia yule bwana. "Chukua upesi, na usinionyeshe." Yule tuliyemficha habari za mtoto ndiye aliyempa mtoto damu.

Damu ikiwa inaingia, wakubwa wakaanza kubishana pale kitandani. Katekista wetu, aliyekuja kumwombea Wani, akasema mtoto ni zawadi, binadamu asimpangie Mungu. Bwana wa maabara akajibu, "Simpangii, mwalimu. Lakini mimi ndiye ninayewasikia wanavyolia, kila siku." Yule mjomba wetu mwenye shughuli, alikuwa amerudi sasa chupa imeshajaa, akasema kwa sauti, "Afadhali watoto kama hawa wasizaliwe kabisa."

Wani akafungua macho. "Mimi niko hapa," akasema. "Nawasikia."

Wani akameza mate, akauliza, "Sweta yangu iko wapi?" Shangazi, aliyekuwa amekuja nayo, akamvalisha yeye mwenyewe, mkono mmoja tu, kwa sababu ule mwingine ulikuwa na sindano.

Anguyo alitaka tuoane vivyo hivyo. Alisema watatu kati ya wanne watakuwa wazima, na Mungu ni mwema. Nikamwambia huyo wa nne mimi namjua, nimemkanda miguu miaka kumi, siwezi. Tuliachana pale nje ya hospitali, tukilia wote wawili, watu wakidhani tumefiwa. Baadaye akaja babu yako Lomoro, tukapimwa kwanza, ndiyo nikaolewa. Je, nilifanya sawa? Mpaka leo sijui. Wani mwenyewe aliishi miaka sita tena, akambeba baba yako mgongoni, akatuchekesha mpaka wiki aliyokufa. Siku nyingine najiuliza ni watoto gani wa Anguyo ambao sikuwazaa, na roho inaniuma.

Na kosa la pili nilikuwa bado sijalifanya. Nilichoka na habari hii, nikanyamaza. Baba yako nilimweleza habari hii Poni akiwa ameshazaliwa na macho yameshakuwa ya njano. Nilimrithisha ile sehemu yangu na sikumwambia, na mama yako alikuwa na yake. Nisamehe, na mwombe Poni naye anisamehe, mimi bado sijaweza kumwomba.

Basi nakwambia wazi sasa. Wewe na kijana wako nendeni mkapimwe kabla ya mbuzi hata mmoja kufika hapa. Mkikuta damu zenu hazipatani, ombeni, ulizeni wanaojua, kisha mwamue ninyi wenyewe macho yakiwa wazi. Mkioana nitacheza kwenye harusi, mkiachana nitalia nanyi. Huko siwezi kukuamulia, ni pagumu, na mimi mwenyewe natetemeka. Lakini kupima damu ni jambo moja, na kumfuta mtu ni jingine. Usimfiche aliye hai kwa ajili ya ambao hawajazaliwa. Hofu yako ya kesho isimfanye mtoto aulize yeye ni nani.

Mungu aliyekulinda tumboni akulinde na kesho. Akupe mume asiyekimbia habari mbaya, akupe watoto, na kila atakayekuja, mzima au mgonjwa, akute jina lake linatajwa kwa furaha nyumbani mwako.

Sasa nenda uwaambie gari lipite. Mvalishe Poni sweta yake, kuna upepo. Na kesho shangazi wa kijana wako akikuuliza watoto wa nyumba hii ni akina nani, anza na yeye.