Nilimng'arishia mama mkwe vitambaa vyake kwa bleach

Wakuu, salamu kutoka Nyamasaria. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na bibi yangu ako humu kwa group. Nikiongeza chumvi atanisahihisha.

Mjue kwanza nilimaliza form four kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu. Chemistry nilipata B. Hiyo B ndiyo imeniponza.

Mama mkwe alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza. Kwa sisi Wajaluo mkwe hakanyagi kwako hivi hivi. Na kwa viti vyetu kuna vitambaa kumi na viwili vya pamba, alivyofuma kwa mkono wake kumpa binti yake wakati wa harusi. Vilikuwa vimegeuka rangi ya chai.

Chupa ya bleach ilisema kifuniko kimoja kwa ndoo, dakika chache. Nikaona hiyo wameandikia watu ambao hawajasoma. Nikamwaga chupa mbili, nikaloweka Ijumaa asubuhi mpaka Jumamosi mchana.

Vikatoka vyeupe, wakuu. Mtu wa Homa Bay, ng'ambo ya ziwa, angeuliza huku kwetu kunang'aa nini.

Jumapili mama mkwe akafika, akaketi, akashika kitambaa. Kidole kikapita. Akavuta kidogo, kipande kikabaki mkononi kama mkate uliolowa. Akajaribu cha pili. Hivyo hivyo.

Nikamweleza. "Mama, hiyo ni oxidation. Bleach inaua rangi ya uchafu, lakini ikikaa sana inakatakata pamba yenyewe huko ndani. Nguo inabaki nyeupe, nguvu imeisha."

"Ulijua hayo lini?"

"Form three, mama."

Akaweka vile vipande kwa meza.

"Baba, nilifuma hivi miezi saba nikiuza samaki wa omena soko la Kibuye. Mtu ambaye hajasoma angechukua miaka kumi kuviharibu."

Akatuma bibi yangu alete uzi na sindano ya kufumia. Akaniambia nikae karibu, vingine nitafuma mimi.

Mkwe na mkwe, kochi moja, na kwetu huo ni mwiko. Wazee wa kwetu wasisome hapa.

Funzo: weupe si uzima wa nguo. Fuata kipimo, hesabu dakika, suuza na maji mengi.

Kitambaa changu cha kwanza alikifumua chote. Niko kwa cha pili, na Jumapili anakuja kukagua. Wanaojua kufuma humu, kona mnapindaje kisijikunje kama kofia?