Boti Iliyopandishwa Paa

Karakana yetu ya Nyegezi ilizoea mitumbwi ya wavuvi na matangi ya maji, yote ya fiberglasi. Mimi ndiye niliyekuwa mchoraji wa ramani za boti. Siku moja akaingia muuza vitambaa wa mjini, Mhindi wa Mwanza kwa kizazi cha tatu, mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Alikuwa amewaachia watoto duka. Sasa alitaka boti ya tanga yenye kitanda, jiko na choo, azunguke visiwa vya ziwa na mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nataka iende kasi. Isiwe na tumbo kama pantoni."

Nikamweleza kwamba boti ya kasi lazima paa lake liwe chini, kwa hiyo chumba kitabana. Akasimama wima, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. "Pima hapa. Panatosha." Nikapima, nikachora.

Kabla ya kutengeneza kalibu ya kuundia boti, tulijenga chumba cha mfano kwa plaiwudi, ukubwa uleule wa boti, ili mteja aingie ajionee. Mzee akaja na mkewe. Yule mama alishuka kwenye gari, akanyooka, akaendelea kunyooka. Nilimtazama mzee, mzee akatazama ziwa.

Mama aliingia, tukasikia kishindo cha kichwa kwenye plaiwudi.

"Hiki ni nini?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Chumba chetu, mke wangu."

"Chako. Mimi je?"

"Ndani watu hukaa."

"Na chapati nitasukuma nimekaa?"

Akajaribu kitanda. Miguu yake ikatokeza nje kupitia tundu la kabati, pamoja na viatu. Fundi wetu mkuu akainama kutafuta msumari ambao hakuna aliyeudondosha.

"Ukikunja kidogo tu..." mzee akabembeleza.

"Maisha yangu yote nakunja vitambaa. Ziwani nikakunje na miguu?"

Nikarudi mezani. Nilipopandisha paa, boti ikawa na uzito mwingi juu, ingeyumba. Nikaongeza uzito chini na kuipanua ubavu. Mzee alipoona mchoro mpya alihuzunika kweli.

"Sasa ina tumbo."

"Na wewe unalo," mkewe akasema, "na bado nasafiri nawe."

Tukaanza kazi. Tulipaka nta ndani ya kalibu, tukatandaza mikeka ya nyuzi za kioo, tukailowesha kwa gundi yake, tabaka juu ya tabaka. Mzee alikataa kukaa pembeni. Alivua koti, akatusaidia kupiga msasa kwa mikono mitupu. Vumbi la fiberglasi huwasha kama upupu. Alirudishwa nyumbani akiwa ametoa mikono yote miwili dirishani, mkewe akiendesha na kucheka.

Siku ya kuishusha majini, abiria wa kivuko cha Kamanga walitupita wakipiga kelele. "Hiyo nyumba imeng'oka wapi?" Mzee akajifanya anakagua tanga. Lakini upepo ulipoingia boti iliondoka vizuri, imetulia, nami nikapumua.

Kisha mvua ikatushukia. Mzee aling'ang'ania usukani mpaka maji yakamtiririka puani, ndipo akamwachia fundi na kuingia ndani. Mama alikuwa amesimama wima jikoni, anasukuma chapati. Mzee akasimama kando yake, akatazama juu, akanyoosha mkono kuligusa paa. Hakulifikia.

"Pako sawa," akasema, akachukua chapati ya juu kabisa kwenye rundo la zilizoiva, ikamuunguza.