Biwi Nyuma ya Nyumba ya Eustadia

Kule Ntalikwa, miaka michache baada ya ile ya nzige, aliishi mwanamke aitwaye Eustadia, mke wa Kasimiri, ambaye kila alfajiri aliwahesabu watu wake kabla hajafungua mlango. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Mume yupo. Josepha, binti yake wa pekee, yupo, anapumua. Kisha mawazo yake yalitoka nje yenyewe, yakavuka ua hadi penye vilima viwili vidogo vilivyozungushiwa mawe, yakawakuta wanawe Tobias na Raymundi wamelala. Wote wanne wapo. Hapo ndipo alipoinuka kuwasha moto.

Mwaka huo Kasimiri alianza kuzungumzia kuhama. Shamba la nyumbani lilikuwa kichanga kitupu, na mahindi ya mwisho yalitoa magunzi yenye punje za kuokoteza. Kuhama halikuwa jambo la ajabu. Watu wao waliishi hivyo tangu zamani: ardhi ikichoka, unang'oa nguzo zako unakwenda mbele. Alikuwa amesikia habari za ardhi nzuri karibu na stesheni ya Igalula. Akamwambia mkewe kwamba watalima msimu mmoja tu, na mahindi yakitoka ya manjano tena, watafunga mizigo. Eustadia hakubisha. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, watoto watabaki na nani. Kasimiri alitazama kando, akasema padri atawaombea.

Si mbali na kwao ilipita njia ya zamani ya misafara. Tangu reli ifike hakuna mpagazi aliyepita tena, lakini mahali walipokuwa wakipiga kambi palijulikana kwa nyasi zake. Zilisimama hadi kifuani, za kijani kibichi kilichokaza mpaka kukaribia weusi, hali kila upande nchi ilikuwa na rangi ya vumbi. Eustadia alipokwenda kuokota kuni alipenda kusimama hapo. Kukiwa kimya aliwasikia wapagazi, au alidhani anawasikia: mizigo ikitua, vyungu vikiinjikwa, punda wakipumua gizani mwa miaka mingi iliyopita. Babu yake alikuwa miongoni mwao, pembe ya ndovu begani. Walikula, wakamwaga majivu na makombo, wakaondoka. Ardhi ikabaki imeshiba.

Wazo hilo alitembea nalo hadi Gongoni, alikokuwa akipeleka karanga kwa Bi Zeyana, mjane wa Kiarabu. Ua wa Bi Zeyana ulikuwa na mikomamanga na mchicha mwaka mzima, na mwenyewe hajahama tangu aolewe. Eustadia akamwamkia shikamoo, akakaa kitambo na kapu lake, mwishowe akauliza kwa nini ardhi ile haichoki. Bi Zeyana akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Mwanangu, ninyi mnailisha ardhi halafu mnamwachia ajaye nyuma yenu aje kula. Mimi nakula mwenyewe."

Akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha. Nyasi kavu chini, juu yake majani mabichi na maganda, kisha samadi ya punda, kisha majivu kidogo, halafu unaanza tena. Unamwagia maji, unafunika. Katikati unachomeka kijiti. Ukikichomoa kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, lundo hilo, yaani biwi, lina kiu.

Kiangazi chote Eustadia alijenga biwi lake. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa tena ovyo, na Josepha alizoea kupeleka maganda ya viazi nyuma ya nyumba. Asubuhi za baridi biwi lilitoa mvuke mweupe, ukatambaa chini ukafika hadi kwenye mawe ya watoto, na mama alikaa akiutazama mpaka uji ukaungua. Akakichomoa kijiti, akakiweka shavuni, kama mtu anayepima homa.

Kashindye, dada yake Kasimiri, alikuja kutembea akauona mvuke ule. Hakuketi.

"Wifi, majivu na taka zikirundikana pamoja, hayo ni mahame. Na mahame huachwa na waliokufa na waliohama. Wewe unayatengeneza ya nani?"

Siku ya tatu Josepha akashikwa na homa. Mama akagusa kijiti, akagusa paji la mtoto, vyote viwili vya moto. Kulipopambazuka alichukua jembe akaenda kulibomoa biwi lote.

Pigo la kwanza lilifungua ubavu. Ndani, nyasi alizozikata kwa mkono wake hazikuwepo tena, wala maganda. Kulikuwa na kitu cheusi, laini, chenye harufu ya mvua ya kwanza. Alichota kiganja kizima, akakaa nacho. Hapakunuka kifo pale; harufu ya kifo aliijua. Alianza kuvuta majani ya nje kuyaweka ndani na ya ndani kuyaleta nje, na jua lilipochomoza alikuwa amelijenga upya, limesimama juu kuliko awali. Kisha alimbeba Josepha mgongoni hadi misheni, akapewa kwinini. Homa ilichukua siku nne kushuka, na siku hizo zote mama hakulala. Kashindye alisema ni bahati tu. Eustadia naye, kwa siri, aliogopa vivyo hivyo.

Mvua zilipoanza, mboji yote ilitosha matuta manne. Mengine yalipandwa hivyo hivyo bila mboji.

Mwezi wa pili Kasimiri alirudi kutoka Igalula, alikokwenda kuiona ile ardhi. Hakuingia ndani. Alipita shambani polepole, mahindi ya manjano yakimfika magotini, mpaka akafika kwenye yale manne. Hapo majani yalimzidi bega. Akaliinamia tuta moja, akalipapasa. Eustadia alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, akimtazama mgongo, kwa kuwa uso hakuuona.

"Mama Josepha," alisema bila kugeuka, "matuta manne hayalishi nyumba."

"Hayalishi, Baba Josepha."

Kasimiri akakung'uta udongo mikononi. Mwanamke akaona safari nzima: mizigo, stesheni, mawe mawili yakimezwa na magugu.

"Kwa hiyo yanatakiwa mabiwi mangapi?"

Eustadia alisema matano, labda sita. Kasimiri akavua shati lililojaa vumbi la safari, akalitundika kwenye ua, akaomba panga. Akaanza kufyeka nyasi za kando ya njia na kuzirundika zikiwa ndefu vile vile, kama mtu anayetaka kuezeka. Eustadia aliona kwamba hazitaoza upesi hivyo. Alitaka kusema. Akarudi jikoni, akakoroga ugali, akatoka tena.

"Zikate fupi zaidi," alisema.

Naye akazikata fupi.