Nilimtafutia Mume Wangu Sifa Bombani

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Mdomo wangu ndio uliompeleka mume wangu kizuizini, na yeye hakuwa amefanya lolote.

Tulikaa Bahati, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu. Mume wangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, mtu wa kanisa, mpole, maneno machache. Sikuwa nimejaliwa mtoto, na pale bombani tulikochota maji wanawake hawakunihesabu. Nikisalimia, wanaitikia wakiangalia kando. Jamani, upweke wa katikati ya watu ni mbaya!

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Asubuhi moja wanawake walikuwa wakinong'ona juu ya wanaume walioingia msituni kupigana na wakoloni, kwa heshima kubwa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Huyu wangu mnamwona kimya, mnadhani ni mjinga? Ndiye anayelisha watu kiapo cha wapiganaji hapa."

Uongo mtupu. Lakini wote walinigeukia. Mmoja akanitwika debe langu la maji. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu. Nilipishwa foleni, niliulizwa habari, na kila nikiulizwa niliongeza chumvi. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Maneno yangu yakafika kwa askari, wakaja wakamkuta akikamua. Walimtoa zizini mikono kichwani, maziwa yakamwagika. Niliwakimbilia nikawaambia nilidanganya, hajamlisha mtu kiapo, ni mimi tu. Yule mkubwa wao hata hakusimama. Alisema kila mke husema hivyo.

Mume wangu alikaa kizuizini miaka. Bombani hakuna aliyenikaribia tena, kila mtu akiogopa kutajwa.

Aliporudi, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Hangeweza kukamua tena. Nilimpa chai, akaishika kwa mkono wa kushoto, akasema, "Waliniambia ni wewe uliyesema. Nikakataa kuamini. Walinipiga kwa sababu ya kukataa huko. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli.

"Ulitaka nini?"

Ningemjibu nini? Kwamba nilitaka kusalimiwa? Kesho yake alienda kwa kaka yake Naivasha, na hajarudi.

Wewe unayejiona huonekani, nakusihi, lia, hama, hata gombana nao. Usimtungie mwenzako sifa ili watu wakutazame wewe. Mimi nilitafuta macho ya wanawake wa bombani, na nyumbani nilikuwa na mtu aliyekubali kuvunjwa vidole kuliko kuamini kwamba mimi ni mwovu.