Msiba wa Bi Edith

Jamani, aibu iliyonipata pale mgahawani mtaa wa Huanshi Zhonglu, huku Guangzhou, China, hata adui yangu simwombei, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu mkiisikia kwa wengine mtatiliwa chumvi. Mnanijua, mdomo wangu ndio duka langu: wenye maduka Kariakoo wananiagiza nguo bila kuziona, nikisema pamba ni pamba, na siku wakiacha kuniamini nimekwisha.

Basi nilikuwa nasoma riwaya moja ya Kiingereza, ya zamani, habari za mji mdogo wa Uingereza wenye mvua na umbea, ambako Bi Edith na mumewe wanauza vitambaa (kazi yetu hii hii, ila wao hawapigizani kelele za bei), na kila siku nikimsimulia shoga yangu Mwanaidi, anayesimamia mafundi cherehani kule Kangle kwenye viwanda vya kushona, kwa kumrekodia sauti kwenye simu.

Siku hiyo niko soko la nguo la Guangyuan Xilu, marobota yananikosakosa miguu, Mwanaidi ananisumbua, "Ehe, ikawaje?", na mimi sijasoma hata ukurasa. Nikaamua kumuua Bi Edith. Nikarekodi na kilio juu (kwa maigizo hamniwezi): "Mwenzangu, Bi Edith hatunaye! Kadondoka dukani, mume kachanganyikiwa!" Nikatuma, simu nikaitia mkobani, nikarudi kubishana na laoban wangu, yule tajiri mwenye duka, aliyeniuzia robota lililoloa maji. Kumbe nimetuma kwenye kundi la Watanzania wote wa Guangzhou!

Mchana naingia mgahawani kwetu, nakuta wanaume na kanzu, kina mama wamejitanda khanga. Mzee Shabani, mwenyekiti wetu, akanishika mkono. "Pole sana, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikajua wamesikia habari ya robota langu lililoloa. "Ahsante, mzee, nimeshazoea, hata mwezi jana yalinikuta."

Kina mama wakaangua kilio, nami kwa huruma yangu nikawatuliza, "Msilie, laoban kaahidi kunibadilishia."

Mzee akanitazama. "Kwani huyo Bi Edith alikuwa nani kwako?"

Mama yangu! Ndipo nikajua sauti yangu imewafikia wote. Shetani akaninong'oneza niseme shangazi, lakini nikikamatwa na uongo mbele ya wafanyabiashara wote wale nitauza nini tena? Nikatoa kitabu mkobani. "Yumo humu, mzee."

"Nimefunga ofisi kwa ajili ya mtu wa kitabuni?"

Mwanaidi, aliyekuja mbio kutoka Kangle macho mekundu (yeye alikuwa anamlilia Bi Edith kwelikweli), akaninyang'anya kitabu, akaenda mwisho kabisa, akasoma, akaniinulia uso. "Mwongo mkubwa wee! Mbona yuko hai, anampimia mteja kitambaa!"

Walicheka hadi wapishi wakatoka jikoni, na pilau la msiba tukalila, nami nikala kuliko wote maana aibu haishibishi. Ila tangu siku ile nikimwambia mteja hii ni pamba, ananiuliza, "Pamba ya kweli, au ya Bi Edith?", na mimi niliyekuwa nauza kwa neno tu sasa nafungua robota, naweka kamera, naonyesha uzi kwa uzi. Nimeapa: simziki tena mtu kabla sijafika ukurasa wa mwisho.