Uwanja Uliopimwa Kiangazi

Kiangazi kilichopita nilikuwa kwenye kaunta ya boma hapa Ifakara, nikingoja leseni ya baiskeli. Mbele yangu alisimama mvuvi mmoja mzee, amekuja kwa habari ya uwanja wa mpira. Ule wa zamani, kule penye mwinuko, ulikuwa umeshavunjwa ili lijengwe ghala la mpunga, na mpya ulikuwa umepimwa bondeni.

"Bwana karani, pale masika maji hufika hapa," akasema, akiweka kiganja kifuani.

Karani, ambaye hata shikamoo hakumpa, alikunjua ramani akaigonga kwa kidole. "Maji yako wapi hapa, mzee? Nionyeshe."

Mzee aliitazama ile karatasi, akavaa kofia yake, akaondoka. Mimi niliyekulia bonde hilihili nikanyamaza, maana nilitaka leseni yangu.

Juzi nilirudi bomani. Mvua imenyesha majuma matatu mfululizo, na milingoti ya goli imezama mpaka palepale mzee alipoweka kiganja. Siku hizi anafunga mtumbwi wake hapo. Safari hii alikuwa ameitwa, na karani alipomwona mlangoni aliinuka kitini.

"Shikamoo, mzee. Hivi maji haya yatapungua lini?"

"Marahaba, mwanangu. Tazama kwenye ramani."

Watu walicheka. Mimi nilichoka tu. Ghala limesimama pakavu, vijana wetu hawana pa kucheza, na leseni niliyoinyamazia ninayo mfukoni.